Slaida za Bolti au za Kuchomelea? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Pikapu

Hapa tunazungumzia zile reli nene za chuma zinazokaa chini ya milango ya pikapu na kushikiliwa na chesisi. Kazi yake ni kupokea jiwe kabla jiwe halijaifikia bodi. Wengi huziita slaida kwa sababu gari huteleza juu yake. Anayejibu amewahi kutumia za aina zote mbili, na kabla ya hapo aliharibu mlango mmoja.

Slaida ina tofauti gani na kipandio cha kawaida?

Kipandio ni cha kubeba mguu wa mtu, slaida ni ya kubeba gari. Ukivitazama ukiwa umesimama unaweza usione tofauti, vyote ni paipu nyeusi chini ya mlango. Lala chini ya gari uangalie vimeshikwa wapi. Kipandio huwa kimefungwa kwa vibati vyembamba, mara nyingi kwenye bati la bodi lenyewe. Slaida ina mikono minene inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye chesisi.

Pikapu yangu ya kwanza ilikuja na vipandio vizuri vya kung'aa, nami nikajiona nimelindwa. Siku moja nikashukia jiwe lisilofika hata magotini. Kipandio kikakunjika kwenda juu na kuukaba mlango wa dereva, nikatokea upande wa abiria. Lililoniuma zaidi ni kwamba kile kipandio chenyewe ndicho kilichobonyeza bodi. Bila hicho huenda jiwe lingeacha mkwaruzo tu.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Weka kabari kwenye magurudumu, tia jeki katikati ya slaida, inua mpaka magurudumu mawili ya upande huo yaache ardhi. Ikipinda, au ikigusa bodi, basi hicho ni kipandio, hata kama muuzaji alikiita jina gani.

Chini ya milango kuna nini hasa mpaka nigharamie kitu kizito hivi?

Kuna kizingiti cha bodi, yaani lile boksi refu la mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa tabaka, ambalo nguzo za milango husimama juu yake. Kikibonyea, milango haifungi sawasawa, maji huanza kuingia, na kukitengeneza si kazi ya kunyoosha kwa nyundo: hukatwa na kuchomelewa kipande kipya.

Pikapu ina ubaya wake wa ziada, nao ni urefu. Hilux ya kabini mbili, kwa mfano, ina milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari la hivyo likipita juu ya mgongo wa jiwe, magurudumu ya mbele yameshashuka, ya nyuma hayajapanda, na tumbo pamoja na mbavu zake ndivyo vinavyokaa juu ya jiwe.

Kila pikapu inaweza kufungwa slaida?

Majibu yote ya hapa yanahusu pikapu zenye chesisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma na kabini iliyokalishwa juu yake kwa raba. Hilux, Ranger, Tacoma na Gladiator zote ziko kundi hili. Honda Ridgeline, Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz haziko humo, kwa sababu bodi na chesisi zake ni kitu kimoja. Kwa hizo hakuna mhimili wa kushikia mikono ya slaida, na yeyote anayetaka kukuchomelea chuma kizito kwenye bati lake, mkimbie.

Swali jingine linalokuja hapa: F-150 tangu modeli ya 2015 ina bodi ya alumini, je, slaida za chuma zitashikaje? Zitashika, kwa sababu chesisi yake bado ni chuma. Slaida haina biashara na bodi.

Slaida za bolti zinaweza kweli kubeba gari? Naona bolti ni ndogo sana.

Hofu hii iko mahali pasipo pake. Tupige hesabu ya kienyeji. Chukua pikapu ya tani 2 iliyolalia slaida moja kwa nusu ya uzito wake, yaani tani 1. Slaida imejitokeza sentimita 30 kutoka ukuta wa chesisi na ina mikono mitatu. Kila mkono una bamba lenye bolti za juu na za chini, umbali wa sentimita 10 kati yake. Uzito unaposukuma slaida juu, bamba linataka kujikunja: upande mmoja linagandamizwa kwenye chesisi, upande wa pili linavutwa litoke. Mikono ikigawana kazi sawa, mvuto huo unafika kama tani 1 kwa kila mkono. Gari likidondoka na mkono mmoja ukabeba peke yake, unafika tani 3.

Sasa, bolti moja ya M10 (yenye kipenyo cha milimita 10) ya daraja 8.8, yaani alama ya nguvu ya chuma chake, inastahimili mvuto wa zaidi ya tani 3 kabla ya kurefuka na kubaki hivyo. Kila bamba lina bolti kadhaa. Kwa hiyo bolti nzuri haitakatika. Kinachoshindwa kwanza ni ukuta wa chesisi wenyewe, ambao kwenye pikapu nyingi ni chuma cha milimita chache tu. Bolti inabaki nzima huku tundu linavutika, linakuwa yai, na ukuta unatoa uvimbe.

Ndiyo maana slaida za bolti hazilingani. Nzuri ina bamba kubwa linalokumbatia chesisi, likaegemea pia chini au juu ya mhimili, ili uzito usukume chuma kwa chuma na bolti zifanye kazi ya kubana tu. Mbaya ina kibamba cha ukubwa wa kiganja na bolti mbili, basi. Ukiwa dukani usiangalie unene wa paipu kwanza. Angalia bamba.

Bolti zinaingiaje kwenye chesisi ya boksi, yaani yenye mihimili iliyofungwa pande zote nne? Huwezi kuingiza mkono ukashika nati.

Hapa ndipo watengenezaji hutofautiana. Wengine hutumia matundu ambayo kiwanda kimeyaacha, na kukupa nati zilizochomelewa kwenye ukanda wa bati. Unazivuta ndani ya mhimili kwa waya mpaka zifike kwenye tundu. Kazi ya kuudhi, lakini ikikaa imekaa. Wengine hutumia yubolti, yaani bolti zenye umbo la U, zinazozunguka mhimili mzima bila kutoboa. Hizo zinabana vizuri, ila angalia zisikamate bomba la breki au nyaya zinazopita ubavuni mwa chesisi.

Njia ninayoikwepa ni ile ya nati za kubanwa kama ribiti ndani ya tundu. Kwa kushikia tanki la maji ni sawa. Kwa slaida huzunguka hovyo siku unayotaka kuzifungua, na huchomoka siku unayozihitaji.

Na kama bolti itapita mhimili wa boksi upande hadi upande, lazima ndani kuwe na bomba fupi la kuzuia kuta zisikaribiane. Bila hilo, unavyokaza ndivyo unavyouminya mhimili, na bolti haitakaa imekaza hata siku moja.

Za kuchomelea ndizo imara zaidi, sivyo?

Zikichomelewa na mtu anayejua, ndiyo. Mkono unakuwa sehemu ya chesisi, hakuna cha kulegea, hakuna mlio, na uzito unasambaa kwenye bamba lote badala ya kukusanyika kwenye matundu manne. Anayepanda miamba kila wiki, anayetumia slaida kama mguu wa tano wa gari, hana sababu ya kuhangaika na bolti.

Lakini sentensi hiyo inaanza na "zikichomelewa na mtu anayejua". Slaida ya bolti ubora wake umeamuliwa kiwandani. Wewe unasoma maelekezo na kukaza. Slaida ya kuchomelea ubora wake unaamuliwa na mkono wa fundi mmoja, amelala chali chini ya gari, cheche zinamwangukia shingoni. Nimeona mishono minene na mizuri kwa macho iliyokuwa imelala juu ya chuma tu bila kuzama. Ilibanduka kama gome.

Kuchomelea hakuidhoofishi chesisi?

Kunaweza. Moto hubadilisha tabia ya chuma pembeni mwa mshono, na chesisi za miaka hii nyingi zina vyuma vya nguvu ya juu ambavyo vilipata nguvu yake kwa namna vilivyopikwa kiwandani. Ukivipasha tena unavirudisha nyuma. Mtengenezaji wa gari huandika kwenye kitabu cha matengenezo ni wapi pa kuchomelea na wapi pa kuacha. Kitafute kabla ya kumwita fundi.

Jambo la pili ni umbo la mshono. Mhimili wa chesisi hufanya kazi ya kupinda juu na chini siku nzima. Uso wake wa juu na wa chini ndio unaobeba mateso mengi, na katikati ya ubavu kuna nafuu. Kwa hiyo mshono usipande kwenye kingo za juu na chini. Na usiweke mshono uliosimama wima ukakata ubavu wote, kwa sababu huo ni mstari uliochorwa tayari kwa ufa kuufuata. Mafundi wazuri hukata bamba linalokaa kati ya mkono na chesisi likawa na umbo la almasi au lenye ncha zilizochongoka, wakalichomelea kwa mishono ya mlazo na ya kuelekea urefu wa gari, kisha mkono wa slaida ndio unachomelewa kwenye bamba. Kuuchomelea mkono moja kwa moja kwenye ukuta wa chesisi ni kuomba paipu itoboe ukuta siku ya pigo.

Unene wa bamba nao una kipimo chake. Bamba nene mno kuliko chesisi linahitaji moto mwingi ili mshono uzame, na moto huo unatoboa ukuta mwembamba. Bamba linalokaribiana na unene wa chesisi, au kulizidi kidogo, ndilo linaloelewana nayo.

Niandae nini kabla fundi hajawasha mashine?

Toa tominali zote mbili za betri. Kibanio cha ati cha mashine, yaani cha waya unaorudisha umeme, kifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, ili umeme usitafute njia kupitia beringi au kompyuta ya gari. Ondoa au funika mabomba ya mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Kwenye pikapu nyingi vyote hivi hupita kando ya mhimili, palepale unapotaka kuchomelea. Jua tangi la mafuta liko upande gani. Rangi na nta ya kuzuia kutu isuguliwe, na kama kuna zinki ndiyo kabisa, moshi wake hukuletea homa usiku huohuo. Kizima moto kiwe karibu, pamoja na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Kisha fundi ashike vipande kwa nukta kwanza, apime, ashushe gari chini, afungue na kufunga milango yote, ndipo amalizie. Achomelee kidogo upande huu, ahamie mwingine, asiache moto ukusanyike sehemu moja.

Chesisi yangu ina kutu. Nichague ipi?

Hakuna hata moja kwa sasa. Piga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa mlio mfu. Kutu ya juujuu isugue upake rangi. Kutu iliyokula unene, shughulikia chesisi kwanza.

Na aina zote mbili hualika kutu mpya. Za bolti hufuga tope na maji kati ya bamba na chesisi. Paka rangi na mafuta mazito pale kabla ya kufunga, na zifungue mara mojamoja kuosha. Za kuchomelea huunguza kinga iliyo ndani ya boksi, mahali usipoona. Wengi hupaka nje pakapendeza wakasahau ndani, na ndani ndiko kutu inakoanzia. Puliza nta ya ndani kwa mrija mrefu baada ya chuma kupoa.

Paipu iwe ya unene gani? Na za alumini?

Kipimo kinachoonekana sana ni paipu ya duara ya kipenyo cha karibu milimita 44 na ukuta wa milimita 3. Wengine hupenda ya pembe nne kwa reli kuu kwa sababu haipindi kirahisi, wakaongeza ya duara kwa nje. Paipu iliyovutwa bila mshono dhahiri hustahimili zaidi kuliko ile ya bei nafuu yenye mshono, lakini kwa maoni yangu tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya mikono mitatu na minne. Kabini mbili, omba minne.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila ni laini. Jiwe huing'ata, na gari hukwama pale ambapo chuma kingeteleza. Pia haichomelewi kwenye chesisi ya chuma, kwa hiyo hapo swali la bolti au kuchomelea linajijibu.

Slaida ikae bapa au ielekee juu?

Ikiinuka kidogo kwa nje, nyuzi 10 hadi 20 hivi, unaokoa nafasi ya chini na gari hujisukuma mbali na jiwe. Bapa ni bora kwa kukanyagia na kwa jeki. Mimi napenda iinuke kidogo, na nyuma iwe imetanuka ili kwenye kona isukume gari mbali na mti kabla bodi la mizigo halijaufikia.

Usisahau nafasi kati ya slaida na bodi. Kabini inacheza juu ya raba zake, chesisi inajipinda, na slaida inafuata chesisi. Zikigusana gari likiwa limesimama, zitagongana likiwa njiani. Acha sentimita 2 hivi.

Uzito utanisumbua?

Jozi ya chuma kwa kabini mbili hufika kilo 45 hadi 70. Ziko chini na katikati, kwa hiyo hazivurugi uendeshaji kama mzigo wa juu ya paa, lakini ni kilo zinazotolewa kwenye mzigo unaoruhusiwa kubeba.

Za bolti hazilegei?

Hulegea, hasa mwanzoni, kwa sababu rangi iliyo kati ya bamba na chesisi husagika na kuacha mwanya. Kaza kwa spana yenye kipimo kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha rudia baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, na tena baada ya ile inayofuata. Chora mstari wa rangi unaovuka nati na bamba. Mstari ukikatika umejua bila kushika spana.

Naweza kufunga kwa bolti kisha nichomelee baadaye?

Unaweza, ila isiwe bamba lilelile la bolti lenye rangi na kutu chini yake. Litolewe, pasafishwe, lichomelewe kama kazi mpya. Kuna wanaoacha bolti na kuongeza vipande vya mshono "kwa usalama". Hapo mshono, usiocheza, hubeba uzito wote na kupasuka kwanza, na bolti zinaanza kazi wakati ufa umeshafika kwenye chesisi.

Sheria, bima na dhamana ya kiwanda je?

Nchi nyingi hulitazama badiliko la chesisi kwa jicho kali kuliko kitu kilichofungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Uliza mamlaka ya ukaguzi wa magari na kampuni ya bima kabla, si baada, na upate jibu kwa maandishi. Gari likiwa bado ndani ya dhamana, mimi nisingeliwashia moto.

Wewe ungechagua ipi?

Kwa pikapu inayokwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa na porini mara moja kwa mwezi: bolti, zenye mabamba makubwa. Nikiliuza gari nazitoa, mkono mmoja ukipinda nabadilisha huo tu, na hakuna mtu aliyeichoma chesisi yangu. Kwa gari kuukuu lisilo na dhamana, ambalo sitaliuza na ambalo kila safari linalalia mwamba: kuchomelea, kwa fundi ambaye nimekwisha kuona kazi yake ikipigwa na mawe. Nisipompata fundi huyo, narudi kwenye bolti bila kuona haya.

Nimegonga, slaida imepinda. Ninyooshe?

Angalia kwanza kilichopinda. Reli ikiwa na kibonyeo, iache, hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia. Paka rangi basi. Mkono ukipinda kwa bolti, badilisha mkono, na kagua matundu kama hayajawa yai. Mkono wa kuchomelewa ukipinda, usiuvute kwa mnyororo ukaendelea na safari: sugua rangi kuzunguka bamba lote, tafuta mstari mwembamba mweusi au wa kutu kwenye ncha za mshono. Ukiuona umeingia kwenye ukuta wa chesisi, rudi nyumbani polepole kwa barabara laini.